Kimota, Lugha ya Kisiwa Kimoja Kidogo

Msomaji mpendwa, chukua ramani ya dunia, utie kidole Dar es Salaam, kisha ukisogeze kidole hicho mashariki na kusini kidogo. Utavuka Bahari ya Hindi yote, utapita kando ya Australia, na mwisho utafika mahali ambapo ramani haina nchi bali vitone, kama vile mtu amekung'uta kalamu yenye wino. Hapo ndipo ilipo nchi ya Vanuatu, ambayo kabla ya mwaka 1980 iliitwa New Hebrides. Upande wa kaskazini wa nchi hiyo kuna Visiwa vya Banks, na kimoja katika hivyo chaitwa Mota. Ni mlima wa moto wa zamani uliosimama peke yake baharini. Kimo chake ni meta 411, na eneo lake lote halifiki kilometa 10 za mraba. Hakina bandari, na mashua hushika nchi kwa taabu. Watu wake ni kama mia saba. Ziko parokia kwetu ambazo watu wengi kuliko hao huja kanisani siku ya Pasaka.

Basi, lugha ya watu hao wachache, Kimota, ilikuwa kwa muda wa miaka sabini hivi lugha ya shule, ya sala na ya barua kwa Wakristo wa visiwa vingi vya Pasifiki, tangu Visiwa vya Banks mpaka Solomon. Watu ambao hawakupata kukiona kisiwa cha Mota hata siku moja walisali kwa Kimota, wakaimba kwa Kimota, wakaandikiana kwa Kimota. Leo hakuna anayefanya hivyo ila watu wa Mota wenyewe. Jambo hili lilitokeaje, nalo lilikomaje? Sisi tusemao Kiswahili yatupasa kulitazama, maana kwetu jambo linalofanana nalo lilianza karibu miaka ile ile, na mwisho wake ukawa mwingine kabisa.

Kwanza tuijue jamaa ya lugha hii. Kimota ni lugha ya Kiaustronesia. Jamaa hiyo ni kubwa sana, nayo imefika mpaka mlangoni petu, kwa maana Kimalagasi cha Madagaska ni ndugu yake. Kadhalika Kibushi, kisemwacho na baadhi ya watu wa Mayotte, karibu na Ngazija. Usiniamini hivi hivi, sikiliza hesabu. Mmalagasi husema roa, telo, efatra, dimy, yaani mbili, tatu, nne, tano. Mtu wa Mota husema nirua, nitol, nivat, tavelima. Ukiondoa kile kiungo cha mbele utaona rua na roa, tol na telo, vat na efatra. Kati ya watu hawa wawili kuna bahari mbili, na mababu zao waliachana maelfu ya miaka iliyopita, lakini wakikaa pamoja kuhesabu nazi watafahamiana nusu.

ASKOFU NA VIJANA WA MERIKEBU

Mwaka 1841 George Augustus Selwyn aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa New Zealand katika Kanisa la Anglikana. Alipotazama visiwa vya Melanesia vilivyo kaskazini yake, aliona kwamba haiwezekani kuweka mmisionari katika kila kisiwa. Watu ni wachache, homa ni kali, na kila kisiwa kina lugha yake, pengine tatu au nne. Basi, tangu mwaka 1849 alishika njia nyingine: kuwachukua vijana kwa merikebu, kuwafundisha New Zealand wakati wa joto, na kuwarudisha kwao kabla ya baridi, ili wao wenyewe wawe walimu wa watu wao.

Mwaka 1855 alikuja kumsaidia padre kijana, John Coleridge Patteson. Huyu alikuwa na kipawa cha lugha ambacho wengi wetu twaweza kumwonea wivu. Husemwa kwamba alijua lugha ishirini na tatu za visiwa vile. Mwaka 1860 alikaa muda huko Mota, akaishi kati ya watu na kusikiliza maneno yao. Mwaka 1861 akawekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Melanesia, na mwaka 1867 shule ikahamishwa kutoka New Zealand hadi kisiwa cha Norfolk, ambako hali ya hewa iliwafaa zaidi vijana wa visiwani.

Sasa fikiri, msomaji, hali ya mwalimu wa shule ile. Mbele yake wameketi vijana wa visiwa vingi, na kila kundi lasema lake. Atafundisha kwa lugha gani? Patteson hakutaka kuwageuza wawe Waingereza weusi. Akataka lugha ya Kimelanesia, na Kimota ndicho kilichochaguliwa. Vijana wa Visiwa vya Banks walikuwa wengi shuleni, na Patteson mwenyewe alikwisha kukijua. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa George Sarawia wa kisiwa jirani cha Vanua Lava. Huyu alifanywa shemasi mwaka 1868, na mwaka uliofuata akaenda kukaa Mota kama mwalimu, akijenga kijiji alichokiita Kohimarama, jina la mahali ilipokuwa shule yake kule New Zealand. Mwaka 1873 akapata upadre, Mmelanesia wa kwanza kuupata. Alifariki mwaka 1901, na habari za maisha yake aliziandika mwenyewe. Aliziandika kwa Kimota, ingawa kwao Vanua Lava hakikuwa lugha ya mama yake.

Nadhani kuna sababu nyingine pia iliyokifanya Kimota kipendwe na walimu, nayo ni irabu zake. Kimota kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili. Lugha za majirani zake zina saba, nane, na Kilakon cha kisiwa cha Gaua kina 16 ukihesabu fupi na ndefu. Mzungu mwenye alfabeti ya Kirumi mkononi, akikutana na irabu 16, atashika kichwa. Hata hivyo Kimota hakikuwa chepesi chote. Kina sauti moja inayotamkwa kwa k na p na w kwa pamoja. Wamisionari wakaipa herufi q. Herufi yao g husomwa kama gh yetu katika ghali. Na ile sauti ambayo sisi huiandika ng' kwa alama ya juu, kama katika ng'ombe, wao waliichapa kwa n iliyolala. Wapiga chapa ndio waliopata taabu.

Na sarufi yake ina jambo ambalo mimi nalipenda sana. Sisi tukisema "sisi," twamaanisha nani? Karani akitangaza, "Kesho tutakwenda kumlaki Askofu," mzee aliyeketi nyuma hujiuliza kama naye yumo au hayumo. Mtu wa Mota hawezi kupata shaka hiyo. Anayo inina, yaani sisi pamoja nawe ninayesema nawe, na anayo ikamam, yaani sisi bila wewe. Tena ana namna nyingine ya kusema sisi wawili na sisi watatu. Sasa tafsiri "Baba yetu uliye mbinguni." Yetu gani? Kwa kanuni ya lugha hiyo, anayeambiwa ni Mungu mwenyewe, naye si mmoja wa watoto wanaomwomba. Basi asiyetaka kumhesabu Mungu kati ya wanawe itampasa kuangalia sana. Mimi nimeisema sala hiyo tangu utotoni, wala sikupata kufikiri kwamba neno dogo kama "yetu" lina mlango wa ndani na mlango wa nje.

LAHAJA NA MAJIRANI

Labda utasema: kisiwa kisichofika kilometa 10 za mraba, watu wake bila shaka wasema kitu kimoja. Sivyo. Hata Mota penyewe wataalamu waliandika lahaja mbili, ya Maligo na ya Veverau. Na ukivuka mkono wa bahari kwenda Mota Lava au Vanua Lava, huko si lahaja tena bali lugha nyingine, ingawa udugu waonekana. Neno la Kimota vanua, maana yake nchi, lilipofika kwa watu wa Vurës limekuwa vōnō, na kwa watu wa Mota Lava limebanwa mpaka limebaki -pnō. Nyumba, ambayo Mota huitwa ima, Mota Lava ni ēm̄. Irabu ya mwisho imeanguka njiani. Kimota kimetunza irabu ambazo wengine wamezipoteza, na kwa hiyo wataalamu wakitaka kujua jinsi mababu walivyosema hukitazama kwanza. Mwaka hadi mwaka mtaalamu Mfaransa Alexandre François amezunguka visiwa hivi akiandika. Katika Visiwa vya Banks na vya Torres amekuta lugha 17, kwa watu wapatao 9,400 tu.

Mgeni hushangaa, lakini msemaji wa Kiswahili asishangae sana. Mtu wa Mvita husema nti na ndoo, mtu wa Unguja mjini husema nchi na njoo. Na ukitoka mjini humo humo kisiwani ukaenda Makunduchi, utahitaji muda kabla ya kufuata mazungumzo ya wazee. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua wino mwekundu ulivyomwagwa juu ya maneno ya namna hiyo.

Lahaja ikichaguliwa, hupata nguvu ambayo dada zake hawana. Kimota kiliandikiwa vitabu vya sala, nyimbo na Maandiko. Bibi Elizabeth Colenso, aliyezaliwa New Zealand na kujua Kimaori tangu utoto, alikaa Norfolk zaidi ya miaka ishirini akifanya kazi hiyo. Padre Robert Codrington, mkuu wa shule, alitoa kamusi ya Kimota mwaka 1896 pamoja na mwenzake Palmer. Hata ramani zikaandikwa Kimota. Vanua Lava ni jina la Kimota, "nchi kubwa". Wenyewe wenye kisiwa wa Vurës huiita Vōnōlav, lakini baharia alimwuliza aliyejua Kimota, naye mchora ramani akamwuliza baharia. Na neno mana, ambalo wataalamu wa dini ulimwenguni kote hulitumia wakisema juu ya nguvu isiyoonekana, lilienea vitabuni kwa maandishi ya Codrington kuhusu Wamelanesia.

Sasa linganisha na kwetu. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Edward Steere walifika Unguja. Nao walipewa watoto wa makabila mengi waliookolewa katika majahazi ya watumwa, Wayao, Wanyasa na wengine, nao walihitaji lugha moja ya kuwafundishia. Steere akashika Kiunguja, akatoa kitabu chake cha sarufi na maneno mwaka 1870, na watoto wa Kiungani na Mbweni wakasoma kwa lugha hiyo, kama vile vijana wa Solomon walivyosoma Kimota kule Norfolk. Krapf alikuwa ametangulia Mombasa tangu 1844, naye alishika Kimvita. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na wapenzi wa Kimvita wengine hawajanyamaza mpaka leo.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Kiswahili hakikuanza na misheni. Kilikuwa na wachuuzi, mabaharia, wapagazi na washairi karne nyingi kabla ya Steere, na misafara ilikuwa imekwisha kukifikisha Ujiji. Kimota hakikuwa na soko wala msafara. Kilikuwa na shule moja, iliyo mbali na kisiwa chenyewe zaidi ya kilometa 1,600, na merikebu moja ya misheni, Southern Cross. Merikebu ilipopita, Kimota kilipita. Ilipokuwa bandarini, kila kisiwa kilirudi kwenye lugha yake.

MERIKEBU ZA NAMNA NYINGINE

Wakati huo huo merikebu nyingine zilikuwa zikivizia visiwa vile. Mashamba ya miwa ya Queensland, huko Australia, yalitaka vibarua. Kati ya 1863 na 1904 mikataba ipatayo 62,000 iliandikwa kwa watu wa visiwani. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wengine kwa hila, na wengine walinyakuliwa. Inasimuliwa kwamba baadhi ya mabaharia walijifanya watu wa Askofu ili vijana wapande chomboni bila hofu.

Tarehe 20 Septemba 1871 Askofu Patteson alishuka peke yake katika kisiwa cha Nukapu. Akauawa. Mwili wake ulirudishwa baharini ndani ya mtumbwi, umefunikwa kwa mkeka, na kuti la mnazi likiwa limefungwa mafundo matano. Watu wengi waliamini kwamba mafundo yale yalikuwa hesabu ya vijana watano waliochukuliwa na wezi wa watu. Wenzake wawili waliokuwa katika mashua, Joseph Atkin na Stephen Taroaniara, walikufa kwa majeraha ya mishale. Kifo hicho kilitikisa Uingereza, na mwaka 1872 sheria ikatungwa juu ya wizi wa watu wa Pasifiki. Mwaka uliofuata, 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pale Steere akajenga Kanisa Kuu.

Lakini tazama jambo moja ambalo mimi naliona chungu. Katika mashamba yale ya miwa vibarua wa visiwa mia walihitaji kusemezana, nao wakaunda lugha yao kwa maneno ya Kiingereza na mpango wa lugha za kwao. Walipoachiliwa waliirudisha nyumbani. Huko Solomon yaitwa Pijin, na Vanuatu yaitwa Bislama, jina litokalo kwa jongoo bahari, mnyama yule yule ambaye wavuvi wetu wa pwani humwokota kuwauzia Wachina. Bislama leo ni lugha ya taifa la Vanuatu kwa katiba yake. Lugha iliyotoka katika taabu ya miwa ndiyo inayosemwa na kila mtu, na ile iliyotunzwa na maaskofu, yenye kamusi na sarufi na vitabu vya sala, ilirudi kwenye kilima chake. Maana katika miaka ya 1930 misheni iliacha Kimota, ikashika Kiingereza katika shule zake. Kiingereza kilikuwa na serikali nyuma yake na vitabu visivyohesabika, na shule ya Norfolk ilikuwa imekwisha kufungwa.

Je, Kimota kilikufa? Hapana, nacho husemwa mpaka leo na watu wapatao 750. Vitabu havikukiokoa, kwa kuwa wengi wa wale waliovisoma vitabu hivyo katika visiwa vingine hawakuwarithisha watoto wao hata sentensi moja. Kimebaki kwa sababu mama wa Mota humwita mtoto wake kwa Kimota aje kula. Majirani wengine hawakujaliwa hivyo. Magonjwa na merikebu za vibarua vilipunguza watu, vijiji vya milimani vikahamia pwani, watu wakachanganyika na kufuata lugha ya walio wengi. Huko Gaua, msemaji wa mwisho wa Kiolrat aliyekijua sawasawa alifariki mwaka 2009. Huko Vanua Lava kwa kina Sarawia, hesabu iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha wasemaji wawili tu wa Kilemerig. Wawili, msomaji. Mmoja akiugua, mwingine atasema na nani?

Hata nje ya Mota kumesalia chembe za lugha hii mahali ambapo pengine hukutazamia. Mwaka 1925 Ini Kopuria wa Guadalcanal, kijana aliyesoma Norfolk na baadaye akawa askari polisi, alianzisha chama cha ndugu Wakristo waliojitoa kuhubiri Injili kati ya watu wasioijua, bila mshahara, wakiishi pamoja. Jina la chama hicho lilitungwa kwa Kimota, Ira Retatasiu. Chama kipo mpaka leo, tena kina nguvu. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Solomon kilisimama katikati ya pande mbili kutafuta amani, na mwaka 2003 ndugu saba waliuawa Guadalcanal. Ukiwa Honiara, mji mkuu wa Solomon, ukapishana njiani na kijana aliyevaa nguo nyeusi na mshipi mweusi na mweupe, watu hawatamwita bwana wala padre. Watamwita tasiu, neno la Kimota lenye maana ya ndugu.